Kopo la Tano la Sosi ya Vitunguu Saumu

Kumpata mke wangu kulinigharimu Ijumaa tisa, vichwa mia moja na kumi na viwili vya vitunguu saumu, kanzu moja nyeupe, na makopo matano ya sosi. Nimehesabu mara mbili. Mahari siitii humu, kwa sababu mahari ililipwa ikaisha, wazee wakala, wakanawa, wakasahau. Makopo ndiyo yenye maneno. Yaliyolipwa ni manne.

Haya yalitokea Lubumbashi, wakati mji ulikuwa bado unabeba jina la malkia wa Wabelgiji, ingawa sijasikia kwamba malkia huyo aliwahi kununua hata fungu la sombe, yale majani ya muhogo, kwetu. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Tuliamka asubuhi moja tukaambiwa sisi ni nchi. Tukapewa bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, tukapewa stempu, baadaye tukapewa na pesa zetu wenyewe, mpya kabisa, hazijakunjwa. Mawaziri walitosha na kubaki. Kilichopungua katika nchi hiyo kilikuwa vitu vidogo vidogo tu: chumvi wiki hii, mafuta wiki ijayo, na vitunguu saumu karibu kila wiki, kwa kuwa vilitoka kusini kwa gari moshi kupitia Sakania, na gari moshi lilikuwa na maoni yake juu ya uhuru wetu.

Mimi nilikuwa mnunuzi na mtwangaji katika mkahawa wa Mgiriki mmoja karibu na stesheni. Mgiriki huyo alikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alikuwa amemkataza siki, pilipili na kitunguu saumu kibichi, yaani alikuwa amemkataza Ugiriki wote. Lakini mkahawa wake ulijulikana kwa kitu kimoja tu, sosi ya vitunguu saumu, na sosi haiwezi kutoka jikoni bila mtu kuionja. Basi kwa miaka mitatu alinifundisha. Aliniwekea kijiko mdomoni kama anamlisha mgonjwa, akanitazama usoni, akauliza: "Chumvi? Siki? Inauma mbele ao inauma nyuma?" Mwisho ulimi wangu ukawa mali ya mkahawa, sawa na jiko na meza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vichwa kumi na viwili, vimenywe punje kwa punje. Vitwangwe na chumvi ya mawe katika kinu cha mti, siyo cha chuma, mpaka visitambulike. Mkate wa jana uloweshwe, ukamuliwe, utiwe. Halafu mafuta, tone baada ya tone, mkono wa pili haupumziki. Ukiharakisha, mafuta yanajitenga na wenzake, yanatangaza serikali yao juu ya bakuli, na kuyarudisha ni vita. Halafu siki. Halafu ulimi wangu.

Siku ya sosi ilikuwa Ijumaa. Wazungu Wakatoliki hawakula nyama Ijumaa, walijinyima. Kujinyima kwenyewe kulikuwa sahani ya makayabu, yule samaki wa chumvi, amekaangwa akawa mnene kama Biblia, juu yake kijiko kikubwa cha sosi, pembeni bia mbili. Sijaona watu wasiojinyima wakishiba kiasi kile.

Na kila mmoja aliijua sosi kuliko mwenye mkahawa. Mbelgiji alisema bila kiini cha yai hiyo si sosi, ni uji. Mwitaliano fundi wa nyumba alisema iwekwe njugu za kwao zilizopondwa. Mreno aliulizia majani ya kotimiri. Mlebanoni mwenye duka la vitambaa alisema mkate ni wizi mtupu, sosi ya kweli ni vitunguu saumu, mafuta, ndimu na chumvi, ipigwe mpaka iwe nyeupe kama pamba. Mfaransa mmoja, ambaye hakuna aliyejua kazi yake ila bunduki yake tuliiona, alisema kinu kiwe cha marumaru. Kila mmoja aliapa kwamba sosi hiyo ilibuniwa na bibi yake. Nilihesabu mabibi saba. Bibi yangu mimi alitumia kitunguu saumu kufukuza nyoka mlangoni, wala hakuomba sifa.

Sasa, msichana. Baba yake alikuwa mshonaji, mzee wa Kasongo kama baba yangu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Nilipokwenda kusema neno langu alikuwa kwenye cherehani, na hakuacha kukanyaga.

"Sikukatai, mutoto. Baba yako tulitoka naye Kasongo. Lakini weye unatumika mu jiko ya Bazungu. Mimi najua banakulisha nini mule?"

"Nguruwe sikulaka, baba."

"Kinywa njo inasema vile. Mimi napimaka." Akakata uzi kwa meno. "Unipe Ijumaa saba. Zifuatane. Usimame pembeni yangu, bega kwa bega. Kisha tutaongea."

"Nne, baba."

"Suruali ya mita mbili unaishonaka na mita moja?"

"Tano. Na Ramadhani nitafunga yote."

"Ramadhani utafunga yote hata bila binti yangu." Ndipo akaacha kukanyaga, akanitazama juu ya miwani. "Na usikawie. Bunduki ikianza tena, bamama bote nabatuma Ndola kwa ndugu yangu. Kule kuko vijana bengi. Benye duka."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Msichana alikuwa uani anaanika nguo. Hakugeuka, ila alisema, akiiambia shuka: "Saba si mingi." Nikajua nimeshindwa bei mara mbili kwa siku moja.

Asiyekulia msikitini nimweleze: mtu aliyekula kitunguu saumu kibichi haji kwenye swala ya jamaa. Ni adabu ya tangu zamani. Unasimama bega kwa bega na watu, hutaki wasujudu huku wamebana pua. Kikipikwa, hakuna neno. Kibichi, ubaki nyumbani. Na mimi kila Ijumaa, saa moja kabla ya swala, nilikuwa nalipwa kumeza kibichi.

Nilianza na Mgiriki. Nikamwomba niionje Alhamisi.

"Alhamisi?" akasema, kana kwamba nimemwomba nimzike Alhamisi. "Sosi ikilala, inaamka na kisirani."

Nikamwomba aonje mtu mwingine. Akasema ulimi wa mtu mwingine haujui. Nilichopata, baada ya mvutano wa siku mbili, ni ruhusa ya kutoka saa moja ya adhuhuri kila Ijumaa. Saa hiyo moja niliinunua kwa Jumapili nzima. Mpaka leo ndiyo saa ya bei mbaya kuliko zote nilizowahi kununua.

Ijumaa ya kwanza nilionja nikatema, nikatafuna majani ya paseli kifurushi kizima, nikaenda. Nikasimama pembeni ya mzee. Kabla imamu hajaanza, mtu wa kulia kwangu alihama. Wa nyuma akakohoa. Mzee hakuhama, aligeuza shingo pole pole, kama mtu anayesoma bei asiyoiamini.

"Hii haihesabiwi," akasema.

Ijumaa ya pili nilitafuna kahawa mbichi na kipande cha makaa, kwa ushauri wa jirani ambaye hakuwahi kuoa. Meno yakawa meusi, harufu ikabaki vile vile, ila sasa ilikuwa imevaa suti. Mzee alinitazama kinywa.

"Na hii haihesabiwi. Na ukirudi hivi tena, watoto watalia."

Hapo ndipo akaingia rafiki yangu. Alikuwa muosha vyombo wa mkahawa, mtu wa Kasai, Mkristo wa kwaya, aliyekuwa karani wa ofisi mpaka nchi yetu mpya ilipogundua kwamba watu wa Kasai hawajui kuandika, hata wale waliokuwa wakituandikia barua sisi wengine. Aliosha sahani kama anazipanga kwenye jalada. Mimi aliniita shehe, kwa kunicheka.

"Shehe, hii mambo iko nyepesi. Mimi iko na ulimi. Weye uko na shida. Tufanye biashara."

"Unataka nini?"

"Kopo mbili ya sosi, kila Ijumaa."

"Nusu kopo."

"Nusu? Niko na bibi na batoto bane. Wakula kwa harufu?"

Tulikubaliana kopo moja, la maziwa ya unga, lijae mpaka ukingoni, kila Ijumaa atakayoonja. Tukashikana mikono, mikono yake ina povu la sabuni. Mgiriki akiwa nje kupokea wateja, yeye angeonja. Mgiriki akirudi, mimi ningekuwa nimesimama na kijiko.

Nilisahau kumwuliza kitu kimoja: anapenda kiasi gani. Mtu huyo alipenda vitunguu saumu kuliko nchi zote mbili, ile tuliyotoka na ile tuliyoingia. Alionja, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Inakosa."

"Inakosa nini?"

"Saumu."

Ijumaa hiyo tulitumia vichwa kumi na vinne. Iliyofuata kumi na sita. Halafu kumi na vinane. Ijumaa ya nne, ishirini, na Mbelgiji mmoja wa mahakamani alitoa machozi, akapangusa miwani, akaagiza sahani ya pili. Mgiriki alikuja jikoni akanishika mashavu.

"Ulimi yako! Sasa njo imeiva!"

Akaniongezea mshahara kwa ulimi wa mwenzangu. Nilipokea. Hesabu hiyo niliifanya mara moja tu, haraka, nikaifunga.

Msikitini nikawa msafi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mzee alinusa, hakupata kitu, akanusa tena kwa kutoamini, akatazama mbele. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Jioni ya Ijumaa ya nne alinikaribisha chai, na msichana akaileta yeye mwenyewe, sukari vijiko vitatu bila kuuliza. Rafiki yangu naye alikuwa akiniambia habari za kopo lake: bibi yake anaipaka juu ya bukari, ugali wetu, batoto wanalamba kopo, mdogo aliingiza kichwa chote. "Na bukari, shehe," akasema, "hata waziri angeacha wizara."

Wiki iliyofuata gari moshi halikuja. Sokoni hapakuwa na punje hata moja. Nilipita meza zote, nikarudi nikapita tena. Mgiriki alitengeneza sosi ya vitunguu maji na siki, akaitaja kwa jina la Kifaransa, akapandisha bei. Hakukuwa na cha kuonja. Nikaenda msikitini na kinywa kitupu. Tano. Wiki ya pili yake, vivyo hivyo. Sita. Kwa wiki mbili nilikuwa, Mungu anisamehe, mtu pekee mjini aliyeombea njia zibaki zimefungwa.

Dua hiyo ilikuwa na bei yake, na aliyeilipa si mimi. Katikati ya wiki hizo vijana wenye marungu walipita Katuba, kitongoji alikokaa rafiki yangu, mtaa kwa mtaa wakiuliza nani ni wa wapi. Hakuja kazini. Nilikwenda kwake nikakuta mlango umeng'olewa, umebebwa, maana mlango ni ubao na ubao ni pesa. Jirani akaniambia amepita na godoro kichwani, bibi na batoto nyuma, wamekwenda kambini, kule uwanjani ambako watu wa Kasai na Baluba wote walikuwa wanakimbilia, chini ya macho ya askari wa Umoja wa Mataifa, wa kofia za buluu.

Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa ya saba, ndipo gunia likafika. Halikupitia Sakania, lilitoka kwa mkulima wa Lukafu, juu ya lori la makaa, vitunguu saumu vidogo, vyekundu, vikali kama maneno ya mawifi. Mgiriki alilikumbatia gunia. Alikuwa na karamu ya wahandisi thelathini kesho yake mchana.

"Kesho sosi," akasema. "Ya kweli. Na weye unaonja."

Na mzee alikuwa ameniambia jana yake: bunduki zinasikika tena, bamama watapanda gari moshi la kwanza litakalopatikana. Ijumaa ikiharibika, hesabu inaanza upya, na saba nyingine zingehesabiwa Ndola, na mwenye duka.

Niliamka alfajiri, nikavaa kanzu yangu nyeupe kabisa, maana sitapata nafasi ya kurudi nyumbani, juu yake koti. Kufika saa kumi na mbili nilikuwa nimeshatwanga vichwa kumi na vinane. Nikajaza kopo la maziwa, nikalifunga kwa kitambaa, nikapanda baiskeli kwenda kambini kutafuta ulimi.

Njiani palikuwa na kizuizi cha askari wa nchi yetu mpya.

"Uko na nini mu ile kopo?"

"Sosi, chefu."

"Sosi ya nini?"

"Ya samaki."

"Samaki iko wapi?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Akalichoma kopo kwa kisu cha bunduki, akidhani nimebeba bomu. Sosi ikaruka, ikapita ufa wa koti, ikatua juu ya kanzu, kifuani mpaka magotini. Askari akanusa kisu chake, akalamba, akafikiri.

"Inakosa pilipili," akasema, akanipungia nipite. Bibi wa nane.

Kambini sikuwa nimewahi kufika. Niliposikia "kambi" nilifikiri mahema yaliyopangwa. Nilikuta maturubai, magunia, maboksi, milango ya watu imegeuka kuwa kuta, na moshi, na foleni ya maji isiyo na mwisho unaoonekana. Niliuliza, niliuliza, mpaka mtoto mdogo wa rafiki yangu akanijua kwa harufu.

Baba yake alitoka akiwa amevaa shati la ofisi. Alinitazama, akaitazama kanzu.

"Shehe. Umeoga nayo?"

Nikamweleza. Nikampa kopo lenye tundu, limebaki robo. Na wakati ananyoosha kidole ndipo nikaona mahali niliposimama: watu hawana chumvi ya kutia kwenye majani, mimi nimeendesha baiskeli kuja kuwauliza kama chumvi inatosha.

Yeye hakuniaibisha. Alionja kama pale jikoni, akafumba macho. Batoto bane wakamtazama kinywa.

"Chumvi iko. Siki, ongeza kijiko. Na inakosa."

"Inakosa nini?"

"Unajua," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Vichwa mbili."

Nikamwachia ile robo. Nikamwambia: kopo lako la leo, lililojaa, nakuletea kesho Jumamosi, na mkate. Akaniambia: "Kesho. Mpaka ukingoni." Tukashikana mikono. Safari hii haikuwa na sabuni.

Nilirudi, nikaongeza siki kijiko kimoja, vichwa viwili, ikawa ishirini. Sikuonja. Mgiriki akauliza, "Iko sawa?" nikamjibu, "Ulimi ule ule." Wahandisi thelathini wakafuta sahani zao kwa mkate. Saa sita na nusu nilikuwa mlangoni mwa msikiti, kinywa changu safi kuliko vyote vilivyokuwemo, na kanzu inanuka kutoka barabarani.

Watu walifungua njia kama ninapitisha maiti. Nikafika kwa mzee.

"Umekula?"

"Sijakula, baba. Nimemwagikiwa."

"Nani amekumwagia?"

"Serikali."

Alininusa kinywa, karibu, bila haya, kama anakagua nyama sokoni. Halafu akanusa kanzu, akarudisha kichwa nyuma, macho yakamtoka maji. Watu wa safu ya mbele walianza kunung'unika. Mmoja akasema nitoke. Mzee akainuka, akachukua fimbo yake, akanishika mkono akanipeleka nyuma kabisa, nje ya safu ya mwisho, kwenye baraza ambako watu huvulia viatu. Nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kuwaona wanawake wakipanda gari moshi.

Akatandika mkeka wake kati ya viatu. Akasimama. Akanivuta pembeni yake, bega kwa bega.

"Baba, safu yako ya mbele?"

"Nilisema pembeni yangu," akasema. "Sikusema wapi. Nyamaza, imamu anaanza."

Tukaswali pale, mbele yetu viatu vya watu wote wa mji. Alipiga chafya mara mbili. Saba.

Tulioana kabla ya gari moshi kupatikana. Mzee alinishonea kanzu mpya, na alinitoza bei ya mteja. Msichana, ambaye sasa ni mama wa watoto wangu na bibi wa wajukuu, anatengeneza sosi hiyo siku yoyote isipokuwa Alhamisi jioni na Ijumaa, na akimaliza anajifanya haoni ninavyojaza kopo moja pembeni halafu, baada ya siku mbili, ninavyolimwaga.

Maana Jumamosi ile sikwenda. Usiku wa kuamkia siku hiyo bunduki zilianza, njia ya kambini ikafungwa, na nilipopenya, wiki nzima baadaye, na kopo limejaa mpaka ukingoni, chini ya turubai lake nilikuta familia nyingine. Wakaniambia amehamishwa upande wa pili. Upande wa pili wakaniambia ule wa kwanza. Nilizunguka mara mbili. Baadaye watu wakaanza kupelekwa Kasai, na mimi sikujua hata kijiji chake. Tulikuwa tumeelewana bei, hatukuwa tumeulizana kwetu ni wapi. Jina lake ninalo, lakini Kasai yote inalo.

Mgiriki ameshakufa, mzee ameshakufa, nchi ile yenye mawaziri wengi ilikufa kabla yao. Deni tu ndilo liko hai. Ni kopo moja. Riba kwetu ni haramu, kwa hiyo miaka yote hii halijazaa, bado ni moja. Sosi haikai zaidi ya siku mbili, wala posta haipokei kitu kinachonuka hivyo, nimeuliza. Nikimpa maskini mwingine, nitakuwa nimelipa deni la mtu kwa mtu mwingine, na yeye alikuwa karani, angeukataa ushahidi huo.

Basi ninyi mnaosoma, wa Mbuji-Mayi, wa Kananga, wa popote: kama kwenu kuna mzee, au watoto wanne ambao sasa ni wazee, wanaosema kila chakula kinakosa vitunguu saumu, niambieni nilete wapi. Na kama hayupo tena, nishaurini. Kopo lijae mpaka ukingoni, hilo tulikubaliana. Ila sijui linawekwa mlango gani.